Mkono wa Breka Uko Juu

Mjomba wangu Khalil hajawahi kukosea. Si mimi ninayesema hivyo, ni yeye mwenyewe, na alilirudia neno hilo Ijumaa moja ya Agosti, sebuleni kwake, huku jasho likimchuruzika kutoka chini ya kofia mpaka kwenye ukosi wa kanzu, na sisi wageni wake tukichuruzikwa pamoja naye na kumwitikia. Nataka kuieleza Ijumaa hiyo kwa sababu mjomba yumo ndani yake mzima mzima, na kwa bahati mbaya mimi pia nimo.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Oman akiwa na miaka kumi na mitatu, akasoma, akaajiriwa katika wizara mojawapo pale Maskati ya zamani. Huko alikaa miaka thelathini na moja akitia saini. Sisemi kwa dharau. Basi, kidogo. Zilimfikia fomu za ukaguzi wa majengo, naye akatazama kama kila kisanduku kimetiwa alama, akapiga muhuri, akateremka kunywa chai. Jengo lenyewe hakulikanyaga hata moja. Fomu ikisema ngazi ya dharura ipo, ngazi ipo, na mtu akianguka kwa kuikosa, hilo ni jambo la idara nyingine. Alipostaafu majirani wakaanza kumwita Muhandisi, naye hakuwakataza. Mpaka leo barua zake za nyumbani zina nambari ya kumbukumbu. Kadi yake ya Idi niliyoipokea mwaka juzi ilikuwa nambari 14.

Anakaa Madinat Sultan Qaboos, katika nyumba iliyojengwa zamani kidogo, wakati watu walikuwa na kiyoyozi kimoja chumbani na feni sebuleni. Mjomba ana viyoyozi kumi na kimoja. Kimoja kimo katika stoo ya viatu. Jiko lake la kupikia ni la umeme, birika ni la umeme, kwa sababu mtungi wa gesi anauogopa kuliko anavyokiri. Nyaya za ukutani ni zile zile za tangu nyumba ilipojengwa. Mkewe, Bi Nasriya, ni mwanamke mpole aliyemaliza miaka thelathini na mitano ya ndoa kwa kusema "ndio" kwa namna kumi na mbili, na ukimzoea unaweza kuzitofautisha.

Na alikuwepo Nakabugo. Huyu ni mtumishi wao, Mganda wa Masaka, mwenye miaka ishirini na sita. Alikuwa amekaa pale mwaka mmoja na miezi miwili, akipika, akifua, na kupiga pasi kanzu saba kila wiki za mtu asiyekwenda kokote. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, na alitaka kuumaliza, kwani mdogo wake alikuwa chuo cha uuguzi na hakuna mwingine wa kumsomesha. Hilo ndilo lililokuwa hatarini katika kisa hiki. Mengine yote ni joto tu.

Mwezi wa Julai breka kubwa ya nyumba ilianza kukatika. Iko katika ujia ulio nyuma ya jiko, ndani ya sanduku la chuma: kitu cheusi chenye mkono mnene kama kidole gumba. Mkono ukiwa juu, nyumba ina umeme. Mzigo ukizidi, mkono unaanguka na kusimama katikati, na nyumba nzima inanyamaza. Mara ya kwanza mjomba alimwita Bakhit, fundi umeme mwenye duka Wadi Kabir. Bakhit alipima, akagusa nyaya, akanusa, akasema nyumba inavuta umeme kuliko uwezo wake. Nyaya zibadilishwe, na kabla hazijabadilishwa, jiko, pasi na viyoyozi vyote visiwashwe pamoja.

"Una cheti?" mjomba akamuuliza.

Bakhit alikuwa nacho. Mjomba alipokwenda kutafuta miwani ya kukisomea, fundi aliwasha umeme, na kwa kuwa katika ujia ule alikuwepo Nakabugo peke yake, alimwonyesha yeye namna ya kufanya. Breka ya aina hii ikikatika haikubali kupandishwa kutoka pale katikati. Lazima uushushe mkono kwanza, mpaka chini kabisa, usikie ndani kitu kimeshika, ndipo uupandishe. Nakabugo alifahamu mara moja. Mjomba alirudi na miwani, akasoma cheti mbele na nyuma, akamwambia Bakhit kwamba muhuri wake haukukaa sawa. Nyaya hazikubadilishwa.

Umeme ulikatika mara ya pili, Nakabugo akauwasha. Mara ya tatu mjomba alikuwa amelala kitandani baada ya chakula cha mchana. Joto lilimwamsha, akatoka na soksi zake, akafika ujiani, na akamwona Nakabugo kwa macho yake mawili ameushika mkono wa breka anausukuma chini.

"Alhamdulillahi," akasema mjomba. "Nimemkamata."

"Baba, mimi sikuzima. Nilikuwa nawasha."

"Unawasha kwa kushusha?"

"Ile kitu inataka chini kwanza, Baba. Halafu juu. Fundi alinionyesha."

Mjomba alicheka. Tangu dunia iumbwe, aliniambia baadaye kwenye simu, kuwasha ni juu na kuzima ni chini, na hakuna chuo chochote duniani kinachofundisha vingine. Tena, kila umeme unapokatika, anayekutwa pale ni nani? Ni yeye Nakabugo. Nilitaka kumwambia kwamba penye moto pia anayekutwa kila mara ni zimamoto. Sikumwambia. Alikwisha pata na sababu: msichana anakata umeme apumzike kupiga pasi.

Kazi yangu ni ya bima. Ninalipwa kuwaandikia watu wazima kwamba moto wao haukuwa vile walivyosema, na ninaifanya vizuri. Wasomaji wakumbuke hilo tunapoendelea.

Kwa kuwa mjomba ni mtu wa utaratibu, hakumfukuza Nakabugo palepale. Alitaka ushahidi. Mkono wa breka utafungwa kwa chuma na kufuli, ukiwa juu, na ufunguo atakaa nao yeye. Ikipita wiki bila umeme kukatika, itakuwa imethibitika kwamba mkataji alikuwa Nakabugo, na Jumamosi atarudishwa kwenye ofisi iliyomleta, na barua. Sote tulijua maana ya barua. Mtumishi akirudishwa na barua ya namna hiyo, hakuna nyumba ya pili itakayomchukua. Anapandishwa ndege.

Mimi ndiye niliyempeleka Wadi Kabir, kwa sababu gari yake hapendi kuiweka kule kwenye magereji. Tulianzia kwa Bakhit. Mjomba alimchorea anachotaka kwenye karatasi, na vipimo kwa milimita.

Bakhit aliutazama mchoro, akachukua breka moja mbovu iliyokuwa juu ya meza, akaifungua kifuniko. "Mzee, tazama. Hivi vipande viwili vya shaba ndivyo vinavyogusana umeme ukapita. Hapa pana springi inayotaka kuviachanisha, saa zote. Kinachoizuia ni hiki kikulabu, unakiona? Hiki ndicho kinachoshika. Mkono huu wa nje ni wa kukitegea tu. Mzigo ukizidi kikulabu kinaachia, shaba zinaachana, hata kama wewe nje umeushikilia mkono kwa nguvu zako zote. Ukiufunga juu, utabaki juu, na umeme ndani umeshakatika."

"Kwa nini waitengeneze hivyo?"

"Kwa sababu ya watu wanaoushikilia mkono."

"Watu gani hao?"

Bakhit alimtazama kwa adabu. "Wapo," akasema.

Mimi nilielewa. Nasema hivyo waziwazi: nilikiona kikulabu, nilikigusa kwa kidole, kilikuwa kidogo kama punje ya wali na kilifanya kazi yake bila kumuuliza mtu. Mjomba alisema mafundi wa siku hizi hawataki kufanya kazi, akavuka barabara, akampata mchomelea vyuma ambaye hakuuliza swali, na baada ya saa moja tulikuwa na kibano cha chuma kilichopakwa rangi nyekundu, chenye tundu la kufuli.

Ndani ya gari alifungua mkoba, akatoa barua iliyokwisha andikwa, yenye nambari ya kumbukumbu, kwa Kiarabu safi cha wizarani. "Tia saini hapa. Wee ndo shahidi."

"Shahidi wa nini, Mjomba?"

"Wa utaratibu. Nnataka ijulikane haki imefuatwa."

Nikatia saini. Mbona unanitazama hivyo, msomaji? Ni mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyenilipia masomo. Nilitia saini kama mtu anavyombusu mkubwa wake mkono.

Siku sita zilipita na umeme haukukatika. Mjomba alinipigia simu kila jioni. "Kimya! Unaona? Tangu tulipotia kufuli, kimya!" Alichokuwa hakijui, na mimi nilikijua kwa Bi Nasriya, ni kwamba Nakabugo alikuwa anaamka kabla ya alfajiri kupiga pasi na kuoka mikate viyoyozi vikiwa bado vichache, asije akaizidishia nyumba mzigo mchana. Alidhani akijitahidi umeme usikatike ataokoka. Maskini, kwa kila siku iliyopita salama, alikuwa anajifunga mwenyewe. Bi Nasriya aliniambia haya kwa sauti ya chini, akaongeza, "Ndio," ile ya huzuni, akakata simu.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya saba. Mjomba alitualika chakula cha mchana mimi na mama yangu, Bi Kawthar, ambaye ana miaka sabini na sita na ndiye aliyemlea mjomba tangu mama yao alipofariki. Mgeni wa heshima alikuwa Bwana Asaad, mkuu wake wa zamani wizarani, mtu mrefu, mnene, mwenye tabia ya kuafiki. Viyoyozi vyote kumi na kimoja viliwashwa kwa heshima yake, hata kile cha stoo ya viatu. Tulikula wali wa samaki. Baada ya halua mjomba alimsomea Bwana Asaad ile barua, kuanzia nambari ya kumbukumbu, na Nakabugo akiondoa sahani mbele yetu. Kiarabu cha wizarani hakijui, lakini jina lake alilisikia, na neno umeme alilisikia. Alizibeba sahani taratibu, hata kijiko hakikulia.

"Kazi nzuri," akasema Bwana Asaad. "Imepangika."

"Mie sijapata kukosea, Bwana Asaad. Wewe shahidi."

Bwana Asaad akaomba chai ya maziwa. Kule jikoni kulikuwa na pudini ndani ya jiko, na Nakabugo akabonyeza birika. Nyumba ikakata pumzi. Ule mngurumo tuliokuwa tumeuzoea ulikoma wote kwa pamoja, na tukawasikia kunguru nje.

Mjomba aliinuka, akaenda ujiani, tukamsikia akilitikisa kufuli. Akarudi, akaketi, akapangusa kanzu.

"Mkono uko juu," akasema. "Umeme upo."

Nataka uelewe alikuwa mahali gani. Umeme ukiwa umekatika na kufuli limo, basi aliyekata si Nakabugo, na barua aliyoisoma dakika kumi zilizopita ni uongo wenye nambari. Kwa hiyo umeme ulikuwepo.

"Viyoyozi vinapumzika," akaeleza. "Mashine nzuri hupumzika."

"Naam," akasema Bwana Asaad, uso wake umeshaanza kung'aa. "Tena baridi bado ipo."

"Ndio," akasema Bi Nasriya.

Wote wakanigeukia. Nikakumbuka kikulabu, kidogo kama punje ya wali. Nikamtazama mjomba, na nyuma yake, mlangoni mwa jiko, nikamwona Nakabugo amesimama ananitazama.

"Kuna baridi nzuri, Mjomba," nikasema.

Mama alikuwa amesinzia kwenye kochi lake tangu halua. Tukakaa hivyo robo saa, labda zaidi, katika joto la digrii arubaini na kitu, madirisha yamefungwa ili baridi isitoke. Bwana Asaad alijipepea kwa leso na kusema anafukuza nzi. Nzi hakuwepo.

Nakabugo akaja. "Baba, chai bado. Birika haichemki."

"Kwa nini isichemke? Umeme upo. Lete chai."

"Baba, maji..."

"Lete chai!"

Alikwenda, akarudi na sinia. Vikombe vizuri, vile vya maua, iliki juu, na majani ya chai yakielea mazima mazima kama takataka za mfereji, kwa kuwa maji yaliyamiminikia bila kuchemka. Yalikuwa na uvuguvugu ule wa maji ya bomba ya Agosti, ambayo Maskati nzima hutoka yakiwa hivyo. Maziwa ya unga yalikuwa madonge. Akampa kila mmoja chake, kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Sijui kama alikuwa anatii au anafanya kitu kingine, na sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Mjomba alikunywa wa kwanza. Alimeza, na jani likamkalia mdomoni. Bwana Asaad akanywa, akasema mashallah. Bi Nasriya alikunywa. Mimi nilikunywa, na nikamaliza.

Mama aliamka, akapokea kikombe, akapiga funda moja, akalirudisha kikombeni mbele ya mgeni wa heshima.

"Khalil. Maji haya hayakuchemka."

"Yamechemka, dada."

"Mie meno sina, lakini ulimi nnao. Na mbona nyote mmerowa kama mmetoka kuogelea? Umeme umekatika."

"Dada, mkono uko juu. Nimeufunga mwenyewe na kufuli."

"Basi nenda kaupandishe zaidi," akasema mama. "Nishike mkono, Rawya." Nikamshika.

Tulikwenda wote. Ujia ulikuwa mwembamba, tukajipanga kama watu wa foleni ya pasipoti, mjomba mbele na ufunguo, Nakabugo nyuma kabisa na sinia yake. Mjomba alifungua kufuli, akatoa kibano chekundu. Hapo hapo mkono ukajiangukia wenyewe, ukasimama katikati, bila kuguswa na mtu. Tuliusikia sote.

Mjomba akaupandisha. Ukaanguka. Akaupandisha kwa mikono miwili. Ukaanguka. Mara ya tatu aliushikilia pale juu, na nyumba ikabaki kimya vile vile, na tukamwona anaelewa. Ilichukua muda. Bwana Asaad akakohoa, akasema labda fundi apigiwe simu.

"Anayejua yupo hapa," akasema mama. "Muulize."

Mjomba hakugeuka. Aliuliza akiwa anatazama sanduku la chuma. "Inafanywaje?"

"Nimeshazima jiko na birika, Baba," Nakabugo akasema kule nyuma. "Sasa shusha kwanza. Mpaka chini kabisa. Mpaka usikie imeshika. Halafu juu."

Na mjomba wangu Khalil, Muhandisi, akaushika mkono wa breka mbele ya dada yake, mkewe na mkuu wake, akausukuma chini. Ndani kitu kikashika. Akaupandisha, na viyoyozi kumi na kimoja vikanguruma.

Nilidhani ataomba radhi. Sijui kwa nini nilidhani hivyo. Tuliporudi sebuleni alikuwa amekwisha jipanga. "Nyote mmeona," akasema. "Bila ya kufuli langu tusingelijua kwamba msichana hana makosa. Nimemtoa hatiani." Bwana Asaad akaafiki. Siku hizi mjomba anakisimulia kisa hiki hivyo, na watu wanampongeza kwa uadilifu.

Barua hakuichana, kwani hajapata kuichana karatasi yenye nambari. Alitaka kuandika pembeni kwamba imebatilishwa, aitie jaladani. Mama alinyoosha mkono wake akaichukua, akampa Nakabugo.

Jioni kabla hatujaondoka nilikwenda jikoni kuchukua mkoba wa mama. Nakabugo alikuwa ameitandaza barua juu ya meza.

"Dada Rawya, nisomee. Sijui hii Kiarabu."

Nikamsomea, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Kwamba mtajwa amekata umeme wa nyumba kwa makusudi, mara tatu. Kwamba hafai kuaminiwa. Kwamba nyumba nyingine zitahadharishwe naye. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kidole chini ya karatasi.

"Hii saini ni ya Baba. Naijua. Na hii nyingine?"

"Hiyo ni yangu," nikasema. "Ya shahidi."

Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Uliona nini, dada?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ninalipwa kuyaandika. Nakabugo aliyangoja kidogo, kisha akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni mwa aproni, akanipa mkoba wa mama.